Mwalimu Mgaya Alipoongoza Kwaya Kutoka Kwenye Skrini

Neema, msaidizi wangu, ameniomba nimwachie karatasi. Anataka niandike mwangaza kiasi gani, fremu ngapi, ukubwa gani wa picha, ili aibandike ukutani juu ya meza ya kazi, na yeyote atakayekuja baada yangu asome na kuanza. Nilikaa na kalamu siku mbili. Nilipata namba sita tu, na nne kati ya hizo hubadilika kila jua linapotoka. Kwa hiyo namwandikia yeye na wenzake haya. Ni marefu kidogo kwa ukuta.

Kwa wasionijua, mimi ni Editha, Mama Faraja kwa watu wa Makambako. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa fundi wa picha za shughuli: harusi, mahafali, sikukuu za mavuno, matamasha ya kwaya, ibada za kuweka misalaba. Mwanzoni nilikuwa napiga video tu. Baadaye kazi yangu ikawa kukaa nyuma ya kompyuta na kuendesha picha zinazotokea kwenye skrini kubwa wakati watu wanaimba au wanacheza, papo hapo, bila nafasi ya kurudia. Ikienda vizuri hakuna anayekumbuka kwamba nilikuwepo. Ikienda vibaya wote wananigeukia kwa pamoja, na bwana harusi akiwemo.

Nilianza kwa Mzee Sanga, Mkinga wa Makete aliyekuwa na studio ya picha Makambako, karibu na njia panda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, natembea kila asubuhi kutoka Mahongole. Siku ya kwanza nilitegemea atanipa kamera. Akanipa sahani nyeupe ya bati.

"Nenda nayo nje," akasema. "Iangalie, halafu urudi uniambie ina rangi gani."

Nikatoka, nikarudi. "Nyeupe, mzee."

"Toka tena."

Alinitoa mara nne. Mara ya nne nilikuwa na hasira, nikasimama chini ya ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya kijani, nikaona upande mmoja wa sahani nao umekuwa kijani. Nikasogea juani, ikawa na umanjano. Kivulini ikaelekea samawati. Nikarudi nikamwambia haina rangi moja.

Hakunisifu. "Basi na kamera haijui," akasema. "Wewe ndiye wa kuiambia."

Miezi mitatu ya kwanza kazi yangu ilikuwa kusimama na ile sahani mbele ya kamera kabla ya kila shughuli, ili yeye apime weupe wa mwanga wa mahali pale. Watu walidhani napitisha sadaka. Lakini nilijifunza kuingia ukumbini na kutazama dirisha kabla ya kumtazama bibi harusi. Nilijifunza pia kwamba taa za ukumbini huwaka na kufifia haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, ila kamera inaona na kuchora mistari juu ya picha. Kwa umeme wetu, ukiiweka kamera ifungue jicho lake kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mistari hiyo inatulia. Ukiiweka kwingine, uso wa mchungaji unapitiwa na vivuli kama anasomea nyuma ya feni. Hiyo ni moja ya zile namba mbili za kweli, Neema. Ibandike.

Projekta ilikuja baadaye, pamoja na kompyuta. Safari ya kwanza nilipoachiwa kuendesha mwenyewe ilikuwa Mawengi, sikukuu ya mavuno. Kwaya ilitaka nyuma yao pawe na picha zinazotembea: milima, mahindi, ng'ombe wanakamuliwa. Nilikuwa nimepiga vipande hivyo kwa ukubwa wote ambao kamera mpya iliweza, kwa sababu nilikuwa nayo na nilitaka ionekane ninayo. Tuliziba madirisha ya ukumbi wa shule kwa mablanketi ili mchana usiingie. Ubeti wa pili kompyuta ikazidiwa. Picha ikaganda kwenye uso wa ng'ombe mmoja, karibu sana, ulimi ukiwa puani. Kwaya ya Mawengi iliimba beti tatu za ufufuo mbele ya ng'ombe yule, na hakuna aliyecheka hadi walipomaliza. Nawaheshimu mpaka leo.

Mzee Sanga alikuwa amekaa mstari wa nyuma. Njiani kurudi, tulipofika lami, akaniuliza.

"Wale watu wa mwisho ukumbini walikuwa mbali kiasi gani na ukuta?"

"Hatua kama ishirini, mzee."

"Kwa mbali vile wangeweza kuhesabu nywele za ng'ombe?"

"Hapana."

"Ulizibebea nini?"

Tangu siku ile sijawahi kuchagua ukubwa wa picha kabla ya kujua skrini ina nukta ngapi na mtu wa mwisho anakaa wapi. Vijana mnaniuliza kila mara kwa nini nashusha ubora. Nashusha ili itembee.

Mzee Sanga alipozidiwa na miguu alirudi Makete, akaniachia studio. Nikaendelea peke yangu, halafu na Neema, aliyetoka chuo cha ufundi akijua mambo ya kompyuta kuliko mimi na mambo ya watu kidogo kuliko alivyodhani. Alilirekebisha hilo haraka. Sasa nifike Kichiwa, maana ndiko nilikojifunza kazi hii kwa mara ya pili, nikiwa tayari mtu mzima naitwa fundi.

Mwalimu Mgaya alifundisha shule ya msingi na kuongoza kwaya ya Kilutheri ya Kichiwa kwa muda mrefu kuliko umri wa waimbaji wake wengi. Alifariki baada ya kuugua miezi kadhaa. Mwaka ulipotimia, familia ikapanga ibada ya kuweka msalaba kaburini. Wiki tatu kabla, Yohana, aliyeshika kwaya baada yake, akaja ofisini Makambako. Alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache, na siku ile alikuwa mgumu zaidi.

"Shikamoo, Mama Faraja."

"Marahaba, Yohana. Karibu ukae."

Hakukaa. "Tunataka kuimba wimbo wake. Ule aliotunga mwenyewe. Lakini mimi siwezi kusimama pale kuuongoza. Nimejaribu mara tatu, waimbaji wanalia, na mimi nalia. Wazee wa kwaya wamekumbuka kwamba wewe ulishawahi kumpiga video akiwa anaongoza. Tunaomba atuongoze yeye."

Nilikuwa nayo. Miaka mingi nyuma, kwenye tamasha moja mjini Njombe, nilikosea upande. Badala ya kusimama mbele ya kwaya nilibanwa na watu nikajikuta katikati ya waimbaji, kamera ikimtazama mwalimu usoni wimbo mzima. Mzee Sanga alinigombeza vibaya. Kwaya nzima haikuonekana, ni mikono na uso wa mtu mmoja tu. Kanda ile haikununuliwa na yeyote, ikabaki kabatini.

Niliihamishia kwenye kompyuta na nikaifanyia kazi kwa moyo wote. Kwaya ilikuwa imekodi skrini pana ya taa, ile inayoonekana hata mchana, nami nikaivuta picha ijae kona hadi kona. Kanda ilikuwa na chengachenga za uzee, nikaweka filta ya kuzisafisha. Ngozi ikawa laini, shati likawa jeupe. Nilijivunia. Ningekuwa na mtu wa kumwonyesha ningemwita.

Jumamosi, mchana, tukafanya mazoezi kanisani. Kwaya ikasimama mahali pake, skrini mbele yao. Mama Mgaya, mjane, aliletwa na binti yake, akaingia akitembelea fimbo.

"Kamwene," akatusalimu sote kwa Kibena, akakaa benchi la kwanza.

Nikabonyeza. Mwalimu Mgaya akatokea bila sauti, mkubwa kuliko mlango wa kanisa, akainua mikono. Nilisikia kwaya nzima ikivuta pumzi. Wakaanza. Mistari miwili ya kwanza walikwenda naye, halafu nikaona wanahema. Mkono wake ulikuwa unawaacha. Soprano wakakimbia kumfuata, besi wakabaki nyuma, na kufika kiitikio kila sauti ilikuwa inaimba kivyake. Wakanyamaza mmoja mmoja. Kwenye skrini mwalimu aliendelea kuongoza watu walionyamaza.

Yohana akapiga kiganja kwenye kinanda. "Hamumwangalii! Miaka yote hiyo, leo mmesahau kumwangalia?"

"Tunamwangalia," dada mmoja wa alto akasema, machozi yanamtoka. "Mwalimu hakuwahi kutukimbiza hivi."

Ndipo Mama Mgaya akasema, bila kupandisha sauti, "Huyu siye."

Nikasimamisha picha. Nilienda nikachuchumaa mbele yake. "Mama, ni yeye. Nilimpiga mwenyewe."

"Najua ni picha yake. Lakini siye. Mume wangu alikuwa mwembamba. Huyu amenenepa." Akanyoosha fimbo kwenye skrini. "Na mashimo ya tetekuwanga hapa shavuni, yako wapi?"

Yohana akaingilia kwa heshima. "Mama, amemsafisha kidogo tu, apendeze. Watu watakuwa wengi."

"Yohana, mwanangu. Nilimwosha uso huu miezi mitano, akiwa hawezi kuinua mkono. Naujua." Akanigeukia. "Unaweza kumrudisha?"

Nikamwambia aje akae karibu nami kwenye kompyuta. Binti yake akasogeza kiti. Nikaanza kubana picha kutoka pembeni, polepole, naye akitazama.

"Bado," akasema. "Bado. Bado kidogo. Hapo."

Nilipotazama namba, ilikuwa ni umbo lile lile la kanda za zamani, nne kwa tatu, bila kupungua wala kuzidi. Mimi ndiye niliyemvuta ili nijaze skrini. Sasa pembeni kulikuwa na nafasi nyeusi kushoto na kulia, na Yohana akazitazama bila kupenda, maana skrini ile pana ni kwaya iliyoikodi. Mama Mgaya akasema ziachwe.

Nikatoa filta. Chengachenga zikarudi, na mashimo ya shavuni yakarudi nazo. Mama akaweka kiganja mdomoni. Hatukumharakisha.

Ikabaki kasi. Video ni picha nyingi zilizosimama zinazopita moja baada ya nyingine; kila moja ndiyo tunaita fremu. Kanda yangu ilikuwa na fremu ishirini na tano kwa sekunde. Nilipofungua kazi mpya kwenye kompyuta niliiacha programu ijichagulie, nayo ikachagua thelathini na kuzipitisha zote kwa kasi hiyo. Mkono wa mwalimu ulikuwa unakwenda mbio kwa sababu sikusoma mstari mmoja. Kwenye picha za harusi usingejua. Kwa watu waliofundishwa na mkono ule tangu utoto, ilikuwa kama kuongozwa na mtu asiyewajua.

Nilisimama nikawaambia kwaya, "Samahani sana. Si nyinyi mliokosea. Ni mimi." Mtu wa umri wangu hapendi kusema hivyo mbele ya watu thelathini, lakini Yohana alikuwa ameshawagombeza kwa kosa langu.

Nikarudisha ishirini na tano; hiyo, Neema, ndiyo namba ya pili ya kweli. Mama Mgaya akafumba macho, akaanza kuuimba wimbo kwa sauti ya chini, akigonga goti kwa kidole. Akafumbua macho, akatazama skrini, kidole bado kinagonga. Mkono na kidole vilikuwa vinashuka pamoja.

"Sasa anaongoza," akasema.

Jumapili ilitupokea kwa ukungu. Ibada ilikuwa uwanjani chini ya maturubai, kwa sababu kanisa lisingetosha. Nilikuwa nimeuweka mwangaza wa skrini juu kabisa kwa kutegemea jua, na ukungu ulipotanda, mwanga ule ukasambaa hewani. Skrini ikawa ukuta mweupe na ndani yake uso ukapotea. Nikashusha mpaka robo. Ukungu ulipopungua nikapandisha kidogo, ulipofunga nikashusha, mkono haukutoka kwenye kitufe ibada nzima. Ndiyo maana, Neema, siwezi kukuandikia namba ya mwangaza.

Kulikuwa na jambo jingine. Skrini ni moja. Ikitazama watu, kwaya haimwoni mwalimu. Ikitazama kwaya, watu wanaona mgongo wa chuma na nyaya. Mzee mmoja wa kanisa alitaka igeuzwe kwa watu. Mchungaji akamuuliza mjane. Mama Mgaya akajibu kwamba mume wake siku zote aliwapa watu mgongo na kwaya uso, na watu hawakulalamika. Ikabaki inatazama kwaya. Yeye mwenyewe akaomba akae kwangu, kando ya waimbaji, mahali ambapo skrini ilionekana.

Msalaba ulipokwisha kuwekwa, kwaya ikasimama. Yohana hakusimama mbele. Aliingia mstari wa besi, akawa mmoja wao. Nikabonyeza.

Mwalimu akainua mikono, na safari hii walipovuta pumzi, sauti ilitoka kwa pamoja. Waliimba beti zote nne. Wapo waliolia, lakini hakuna aliyemwacha mkono. Pale alipofumba ngumi wakakata, pale alipofungua kiganja wakafungua. Kwenye maturubai watu walikuwa wanaona nyuso za waimbaji tu, pande mbili za skrini, na baadaye waliniambia kwamba kwa nyuso zile walijua kinachotokea nyuma ya chuma.

Mpango wangu ulikuwa kukata picha noti ya mwisho ikiisha. Kidole kilikuwa tayari. Mama Mgaya akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Mwache kidogo."

Nikamwacha. Kwenye kanda, mwalimu alishusha mikono. Akatoa leso mfukoni, akajifuta paji la uso. Akawatazama waimbaji wake wa siku ile kutoka upande mmoja hadi mwingine, akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeridhika asiyetaka kusema. Mama alitazama mpaka kichwa kilipotulia.

"Sasa mpumzishe," akaniambia.

Sikukata. Nilishusha mwangaza kwa mkono, taratibu, hadi skrini ikawa nyeusi. Kwaya ilibaki imesimama, kwa sababu mwalimu hakuwa amewapa ishara ya kukaa na walikuwa wamezoea kuisubiri. Hatimaye Yohana akatoka kwenye mstari wa besi, akaja mbele, akawageukia. Alisimama kidogo mikono ikiwa imeshuka. Halafu akaiinua, akawakalisha.

Tangu siku ile ndiye anaiongoza kwaya ya Kichiwa, na mkono wake ni mzuri.

Baada ya Kichiwa nilifanya kazi miaka michache zaidi, na sitaisimulia yote. Kilichonitoa ni macho. Nilianza kupandisha mwangaza bila kujua. Kwangu picha ilikuwa sawa, kwa wengine nyuso zilikuwa zimeungua, hazina pua. Neema alikuwa anaona na hasemi. Alikuwa anangoja nigeuke, anashusha kidogo, anakaa. Siku moja kwenye mahafali niligeuka haraka nikamkuta mkono uko kwenye kitufe.

"Unafanya nini?"

"Samahani, Mama. Waya ulikuwa umelegea."

"Neema. Sema unachoona."

Akainama. "Picha imeungua, Mama. Siyo leo tu. Tangu mwezi wa pili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Nitakuambiaje huoni?"

Nilikasirika, sitaki kuficha. Nilikaa kimya mpaka mahafali yakaisha, na nilikunja nyaya bila kumsemesha. Hospitalini wakaniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wamenifanyia upasuaji wa jicho moja na limetulia, lakini wekundu siuoni kama zamani, na mtu asiyeuamini wekundu wake hana haki ya kupanga rangi ya uso wa mtu mwingine. Nilimwita Neema nikamwomba radhi kwa ukimya wangu wa siku ile. Kisha nikamwambia kiti ni chake.

Shughuli yake ya kwanza peke yake ilikuwa tamasha la kwaya hapa Makambako, mchana, uwanjani. Nilienda kama mgeni. Nilipewa kiti mstari wa sita, kando ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyenikaribisha karanga. Sikujua mikono niiweke wapi. Kwaya ya tatu ilipokuwa inaimba, wingu likafunika jua ghafla. Nilisubiri skrini itumulike macho. Haikutumulika. Mwangaza ulikuwa umeshashuka, taratibu, kwa kiasi kile kile cha wingu, na hakuna mtu katika uwanja ule aliyegundua isipokuwa mimi.

Yule mama akanigusa. "Mbona huimbi, dada? Huujui?"

Niliujua. Nilikuwa nimeusikia kwenye shughuli nyingi mno, nikiuhesabu kwa mapigo ili nibadilishe picha mahali pake, na katika miaka yote hiyo sikuwahi hata mara moja kuuimba. Nikasimama pamoja na watu, nikauimba hadi mwisho.